Wa Kwanza Kumwona

Daktari akikuamrisha, unatii huku ukinung'unika, mambo yanakwisha. Lakini daktari akikuambia, "Chagueni wenyewe," hapo ndipo amani inapochukua kofia yake na kuondoka. Hivyo ndivyo ilivyomkuta fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Walimwita hivyo kwa kazi yake, na kwa ulimi wake pia, maana vyote viwili vilirusha moto bila kupiga hodi.

Asubuhi hiyo alikuwa ameketi katika chumba cha daktari, mikono juu ya magoti kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kando yake alikaa mkewe, mwenye studio ya picha, na mimba yake ya pili imekua hata mkoba wa kamera haukuwa tena na mahali pa kuegemea. Mtoto wao wa kwanza, binti wa miaka minne, alizaliwa kwa upasuaji. Alikuwa amekaa vibaya tumboni, makalio mbele, na uchungu ulikuja mbio. Safari hii mtoto alikuwa amegeuka vizuri, kichwa chini, mwenye adabu zake.

"Njia zote mbili ziko wazi," alisema daktari, mama mnene wa sauti ya upole, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi. "Unaweza kungoja uchungu uje wenyewe, ujifungue kwa njia ya kawaida. Kovu lako ni la mkato wa chini, na kilichotufanya tukupasue safari ile hakipo tena. Wengi wa hali yako wakijaribu hufanikiwa. Au tunapanga siku, unakuja umeoga umependeza, tunakupasua tena."

"Na hatari, daktari?" mke aliuliza.

"Ziko pande zote, mama, sitakudanganya. Ukijaribu, kovu la ndani linaweza kuachia wakati wa uchungu. Ni nadra, ila likitokea halimngoji mtu avae viatu. Ndiyo maana utajaribia hapa hapa, tunasikiliza moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kiko tayari. Ukipasuliwa kwa miadi, hofu hiyo inapungua sana. Lakini kidonda ni kidonda. Utakawia kupona, unaweza kupoteza damu nyingi, na kila upasuaji unaufanya wa baadaye uwe mgumu zaidi."

Cheche akakohoa. Kila alipokohoa namna ile, mkewe alijua kuna chuma kinakuja.

"Daktari, mimi ni fundi. Chuma kikichomelewa na mtu anayejua kazi, pale penye mshono panakuwa na nguvu kuliko chuma chenyewe. Kuna geti nililitengeneza likagongwa na lori. Lilipinda, likakunjana kama kitambaa, lakini mshono wangu haukuachia. Sasa hamkumshona vizuri ninyi?"

"Tulimshona vizuri."

"Basi!"

"Mwili hauchomelewi, fundi," daktari alisema akicheka. "Mwili unapona. Si kitu kimoja."

Mke hakucheka. Alikuwa akiitazama sakafu. Kisha akauliza swali moja tu, taratibu, "Nikipasuliwa, nitalala?"

"Kwa miadi, kwa kawaida hapana. Tunakuchoma sindano ya mgongo, huku chini kunakufa ganzi, wewe uko macho unatusikia. Nusu kaputi ni ya dharura. Yaani ujaribu mwenyewe, mambo yageuke ghafla, tukose nafasi ya kusubiri ganzi ishike. Hapo tutakulaza kabisa, kama safari ile."

Mke aliinamisha kichwa. Cheche akamshika mkono na kusema moyoni, masikini mke wangu, anaogopa kisu. Mtu huyo, ambaye akipita barabarani anajua kwa mlio wa mlango kwamba bawaba imelegea, siku hiyo hakusikia kitu.

"Nendeni mkazungumze," daktari alisema. "Wiki ijayo mniletee jibu. Na jibu liwe la mwenye tumbo."

*

Kuzungumza walizungumza. Tatizo ni kwamba mwenye tumbo ndiye peke yake aliyekuwa kimya.

Nyumbani waliishi na mama yake Cheche, bibi mwembamba, mkakamavu, aliyezaa watoto sita, wote juu ya mkeka. Cheche alidhani mtu kama huyo atakuwa upande wake. Alimkuta jikoni akichambua mchele, akamweleza habari ya daktari na habari ya geti.

"Apasuliwe," mama alisema bila kuinua macho.

"Mama! Wewe uliyezaa sita?"

"Mimi nilizaa sita, na dada yangu alikwenda kuzaa mmoja, tukarudishiwa nguo zake. Usinihesabie sita." Akapepeta ungo, makapi yakamrukia mwanawe kifuani. "Mkamwana wangu si geti. Siku hiyo lori likija, utamchukulia wapi mwingine?"

"Lakini, mama, mshono una nguvu kuliko chuma. Chuma hakikatikii kwenye mshono. Kinakatikia pembeni."

"Basi si kimekatika? Pembeni ndiyo kupona?"

Cheche akazunguka huku na huku kama mtu aliyekatiwa umeme, akitafuta kosa liko wapi. Kesho yake alilipeleka shauri karakana, na kutoka karakana likaenda kwa muuza matunda, na kwa muuza matunda likagawiwa bure kwa kila aliyenunua ndizi. Kufikia jioni mtaa wote ulikuwa umegawanyika. Kinyozi alisema kujifungua kwa kawaida kunampa mtoto mapafu. Mke wa kinyozi akamwambia, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nyoa watu. Fundi viatu alisema mshono wa pili juu ya ule wa kwanza haushiki, ngozi inachoka.

Mke wa Cheche akipita, akitoka studio, watu walinyamaza na kumtazama tumbo kana kwamba ni mechi ya fainali.

Usiku ule mezani mabishano yakawaka upya, mama na mwana, kijiko dhidi ya kijiko. Binti yao, ambaye nyumba nzima ilimwita Kidevu, aligeuza shingo kumfuata kila msemaji, kisha akauliza, "Mtoto atatoka wapi?"

Bibi akamtazama baba, baba akatazama sahani.

"Mimi najua," Kidevu akajijibu. "Mimi nilitoka kwenye picha."

Bibi na baba wakaangua kicheko, wakafuta machozi, wakamsifu mtoto kwa akili. Mama yake alitabasamu upande mmoja tu wa mdomo. Akakusanya sahani, akasimama kwa kujishikilia meza.

"Mkimaliza kunizalisha," alisema kwa upole, "mniambie nimepata nini."

*

Siku mbili baadaye Cheche alikwenda studio kuchomelea fremu ya pazia la nyuma, lile lililochorwa maporomoko ya maji, ambalo lilikuwa linamwangukia kila mteja mrefu. Alipenda kwenda pale. Alipenda harufu ya chumba kile, vumbi la taa za moto na poda ya usoni. Alipenda kioo kidogo na kitana kilichofungwa kwa kamba kisitembee, na koti jeusi la wateja, moja kwa wote, lililokwisha kuwapa heshima wanyonge wengi kuanzia kiunoni kwenda juu. Zaidi ya yote alipenda picha kubwa iliyotundikwa juu ya kaunta.

Picha hiyo aliitundika yeye. Siku aliyozaliwa Kidevu, Cheche alichukua kamera ya mkewe, akampa muuguzi abonyeze. Yeye yuko katikati, meno yote nje, amembeba mtoto kama aliyeshinda kombe. Kulia yuko mama yake, ameshika kisigino cha mtoto. Kushoto yuko dada yake Cheche, jirani wa mlango wa pili, na fundi mwenzake ambaye alikuja bila hata kunawa masizi. Cheche aliikuza picha hiyo kwa siri, akaitilia fremu ya chuma iliyosuguliwa ikang'aa, akamfanyia mkewe zawadi. Miaka minne ilikuwa pale ukutani, na kila alipoingia aliitupia jicho la kwanza, kama mtu anavyogusa mfuko kuona funguo zipo.

Mteja wa asubuhi hiyo alikuwa mwalimu mstaafu aliyetaka picha ya kitambulisho. Alipokuwa akivua lile koti jeusi, akaitazama picha ya ukutani.

"Familia nzuri. Huyu ndiye mama mtoto?" Alimwonyesha dada yake Cheche.

"Hapana, mwalimu, huyo ni wifi yangu."

"Na huyu?"

"Jirani."

"Mama mtu yuko wapi sasa?"

"Amelala," mke wa Cheche alisema, akicheka, na mteja naye akacheka, akachukua picha zake akaenda.

Cheche alikuwa juu ya ngazi na bisibisi mdomoni. Hakucheka. Kitu katika kicheko cha mkewe kilikuwa kama mlio wa bawaba, na safari hii alikisikia. Aliitazama picha. Akaitazama tena kwa utaratibu, uso mmoja mmoja, mpaka mwisho wa fremu. Nyuso zote zile, hata uso wa mtu mwenye masizi, na wa mkewe haukuwamo.

Akashuka ngazi. "Mama Kidevu."

"Abee."

"Umewahi kuipenda picha hii?"

Mkewe alikuwa akipanguza lenzi kwa kitambaa. Aliendelea kupanguza hata ilipokwisha kuwa safi. "Naipenda. Ulivyocheka humo hujacheka tena."

"Sikuulizi nilivyocheka."

Akaiweka kamera chini. "Haya. Nikwambie, na usianze kukohoa." Akakaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya maporomoko yaliyopinda. "Niliamka, mdomo umekauka kama gunia. Sijui niko wapi. Mama akanishika mkono, akaniambia, 'Hongera, mwanangu, ni msichana, ana kidevu cha baba yake.' Ndipo wakaniletea mtoto. Nikatazama nini? Nikatazama kidevu! Sikuona macho, sikuona kitu, nikatafuta kile nilichokwisha kuambiwa. Hata jina la utani alikuwa nalo tayari. Nilimpokea kama gazeti lililokwisha kusomwa na nyumba nzima, limekunjwa vizuri, lakini limesomwa."

Cheche akaigeukia tena picha ya ukutani.

"Kazi yangu ni kuwaangalia watu," mkewe aliendelea. "Nimewaangalia watoto wa mtaa huu wote kwa jicho langu kabla ya picha. Wangu mwenyewe nikaonyeshwa na watu. Naye anavyosema alitoka kwenye picha, hakukosea. Kwangu mimi alitoka humo humo."

"Miaka minne hukuniambia!"

"Nikwambie nini? Ulikuwa umeniletea zawadi. Na hakuna mwenye kosa. Mlifurahi. Mtu anaweza kuwashitaki watu kwa kufurahi?"

Nje gari la maji lilipita likipiga honi. Cheche akavuta ndoo aliyokuwa ameigeuza, akakaa juu yake, magoti yakimfika kifuani.

"Kwa hiyo uliposema, 'Nitalala?'..."

"Ndiyo."

"Mimi nikadhani unaogopa kisu."

"Kisu nakiogopa, mimi si chuma. Lakini hilo ndilo lililonifunga. Nataka kujaribu mwenyewe. Nataka nimsikie akija, nitoke jasho langu, nimwone akiwa bado hajaonwa na mtu. Na mwezi mmoja baadaye nataka kumnyanyua Kidevu bila kushika tumbo. Lakini nikijaribu, mambo yakaharibika, watanilaza, na hapo nitapoteza lile lile ninalolitafuta. Nikikubali miadi, nitakuwa macho, nitamwona. Naacha kimoja nipate kingine, na sijui niache kipi. Ninyi mnabishana habari ya mshono."

Fundi akiona kitu kimeharibika mikono yake huwasha. Cheche akafikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, yaani kama muda wa kunywa kikombe cha chai.

"Jaribu," alisema. "Usichague kwa sababu ya kulala. Ukilazwa, hakuna mtu wa nyumba hii atakayemwona mtoto mpaka uamke. Si mimi, si mama, si dada."

"Na wauguzi utawafunga vitambaa?"

"Wauguzi wako kazini. Nasema sisi. Hatutamwona, hatutauliza ni wa kike au wa kiume, hatutasema neno."

Mkewe alimtazama, kisha kicheko kikamtoka, cha kweli safari hii, hata tumbo likatikisika. "Wewe? Wewe Cheche? Juzi muuza matunda alinieleza mimi habari za kovu langu!"

"Nicheke tu. Lakini nimesema."

*

Kazi kubwa ilikuwa kumwambia bibi. Cheche alimweleza jikoni, kwa sauti ya chini, akitegemea kimbunga. Mama yake aliuweka ungo chini.

"Mimi ndiye niliyesema kidevu," alisema.

"Mama, hakuna anayekulaumu."

"Nyamaza nizungumze. Siku ile kila mlango ulipofunguliwa nilimwona dada yangu. Nilikaa kwenye benchi lile natetemeka kama jani. Walipotoka na mtoto, wakasema na mama yake mzima, neno la kwanza lililonijia mdomoni nikalisema. Hata sikumbuki kidevu kilikuwaje. Nilifurahi tu, mwanangu."

Mkamwana alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Aliingia, akajishusha taratibu kwenye kigoda kando ya mkwe wake, akachukua punje mbili za mchele sakafuni, akazirudisha kwenye ungo.

"Unataka kujaribu?" bibi akamuuliza.

"Nataka, mama."

"Mimi naogopa."

"Hata mimi naogopa."

"Basi tutaogopa pamoja. Lakini tukaogopee hospitali. Uchungu ukikugusa tu, hata kama ni wa uongo, tunaondoka. Sitaki mambo ya ngoja ngoja." Akamfuta unga wa mchele shavuni kwa kidole gumba. "Na hilo lingine, usiwe na wasiwasi. Nitakaa nje ya mlango kama kiatu. Kiatu hakichungulii."

Wiki ilipotimia, mwenye tumbo akampelekea daktari jibu kwa mdomo wake mwenyewe. Cheche alikuwapo, na hakukohoa.

*

Uchungu ulimkuta asubuhi, akiwa anakifunga kitana cha studio kwa kamba mpya. Hawakungoja. Kufikia saa nne alikuwa kitandani hospitali, mkanda umezungushwa tumboni, na sauti ya moyo wa mtoto ikijaza chumba, mbio mbio kama farasi mdogo. Mkunga alikuwa binti mrefu mwenye maneno machache. Alimruhusu Cheche akae kichwani kwa mkewe, kwa sharti asiguse kitu.

"Hata mkono wake?"

"Mkono ni wako. Mashine ni yangu."

Mambo yalikwenda vizuri. Mkewe alitembea, akaegemea ukuta, akaegemea mume, akamwambia mume ananuka chuma, akamwomba asisogee. Kila wimbi lilipokuja alifumba macho na kupumua, na lilipopita alitabasamu kwa mshangao, kama mtu aliyekuta mlango aliodhani umefungwa uko wazi. "Namsikia," alimwambia Cheche. "Anashuka. Namsikia kweli." Hata baadaye, alipoulizwa kama anajuta, jibu lake lilikuwa ni saa zile. Hakuna aliyewahi kumwambia habari zake. Alizipata mwenyewe.

Kisha farasi akapunguza mwendo.

Mkunga alisikia kabla yao. Akamgeuza mama ubavu, akasikiliza. Wimbi likaja, moyo ukazama. Wimbi likapita, na moyo ukakawia kurudi. Mkunga akabonyeza kengele bila kubadilisha uso. Daktari akaingia, miwani sasa iko machoni, akagusa, akasikiliza, akainama karibu na sikio la mama.

"Mtoto amechoka, mama. Tunaingia sasa hivi. Na sina nafasi ya sindano ya mgongo. Nitakulaza."

Kitanda kilikwisha kuanza kutembea. Mke wa Cheche alimshika mumewe ukosi wa shati, kwa nguvu alizobaki nazo zote.

"Ulisema," alimwambia.

"Nilisema."

Milango miwili ikajifunga.

Nje, kwenye benchi, bibi alikuwa ameketi wima, mtandio umeviringishwa mkononi. Cheche alikaa kando yake. Bibi alimshika mwanawe mkono kama zamani wakivuka barabara, na kila mlango ulipofunguliwa aliubana. Hiyo ilikuwa hofu ambayo hakuna mshono wala geti linaloweza kuisaidia, na Cheche, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo la dunia, alikuta hana hata moja.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akatoka, mtu mzima, mcheshi, amebeba furushi jeupe. "Mama mzima, mtoto mzima! Baba yuko wapi? Haya, baba, njoo umwone mwa..."

Cheche akaruka, akageukia ukuta. Bibi akajifunika mtandio uso mzima.

"Mama yake mzima kweli?" Cheche aliuambia ukuta.

"Mzima kabisa, wanamaliza kumshona. Njoo umpokee..."

"Usiseme!" bibi alipiga kelele chini ya mtandio. "Usitaje ni nini!"

Muuguzi akawatazama, mgongo mmoja na mtandio mmoja. Sura ikambadilika. "Baba," alisema kwa ukali wa mtu aliyeona mengi katika kazi yake, "mtoto huyu amekukosea nini? Kama kuna ugomvi wenu, mtoto hahusiki. Humkatai mtoto kwenye korido yangu!"

"Simkatai! Nampenda! Simtazami tu!"

"Tangu lini?"

Wakamweleza, wote wawili kwa pamoja, huyu akiuambia ukuta, yule akiuambia mtandio, mpaka muuguzi akaelewa nusu, na nusu ile ikamtosha. Akakunja pembe ya shuka juu ya uso wa mtoto, akaacha nafasi ya pua.

"Mimi nimekwisha mwona, mnisamehe, ni kazi," alisema, na ukali wote umemtoka. "Lakini mtoto anahitaji joto, na mama bado yuko usingizini. Fungua shati, baba. Fumba macho ukitaka, kifua hakina macho."

Cheche akaketi, akafungua vifungo kwa vidole vilivyozoea vitu vizito, akafumba macho. Akawekewa kitu kifuani. Kilikuwa na joto, kimelowa kidogo kwenye nywele, kizito kuliko alivyodhani, chepesi kuliko chochote alichowahi kubeba. Kilijikunyata, kikatafuta tafuta kwa mdomo, kikapiga chafya. Machozi yalimtoka chini ya kope, akayaacha yatembee, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini.

"Usichungulie," mama yake alimwambia.

"Sichungulii. Wewe je?"

"Nachungulia wapi? Naona nyuzi za mtandio tu."

Daktari alitoka akivua glavu. Alisema kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, ndicho kilichomkaba, na kovu la zamani lilikuwa salama, halikuwa na kosa. Siku nyingine yoyote Cheche angeianza habari ya lori na geti. "Asante, daktari," alisema, basi.

Ilikuwa saa ndefu. Watu walipita koridoni, wakamwona mwanaume mzima amefumba macho na mtoto kifuani, kando yake bibi aliyejifunika gubigubi, wakadhani ni msiba, wakapunguza sauti. Hatimaye muuguzi akaja. "Ameamka. Anawaulizia."

Akamshika Cheche kiwiko, Cheche naye mtoto kifuani, bibi nyuma ameshika shati la mwanawe, wakaingia hivyo, vipofu wawili na kiongozi wao, wakigonga kitanda cha mtu mwingine njiani na kumwomba radhi.

"Mbona unalia?" sauti ya mkewe, nzito, yenye usingizi. "Yuko hai?"

"Yuko hai," Cheche alisema. "Ila sijui zaidi ya hapo. Wallahi sijui. Anapiga chafya, basi."

Mikono ikamchukua mtoto kifuani pake. Pale alipokuwa pakaingia baridi. Alisimama na shati wazi, macho ameyabana hata mashavu yanauma, akasikia shuka likifunuliwa. Kisha hakusikia kitu. Hakuna aliyesema mtoto ni nani, wala anafanana na nani. Bibi alikuwa amemshika mwanawe mkono kwa nyuma, na mkono ule ulikuwa umetulia.

Mkewe akavuta pumzi. Akatoa sauti ndogo ambayo Cheche hakuwahi kuisikia kwake, si kicheko wala kilio. "Kumbe ni wewe," alimwambia mtoto. "Kumbe ni wewe."

Cheche akangoja. Akakohoa kidogo.

"Nifumbue?"

"Bado," mkewe alisema. "Ngoja, mume wangu. Bado naangalia."